Barua ya wazi kwa wanaosafisha mashamba makubwa ya Kanda ya Kati: udongo wa juu ubaki shambani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, wakuu wa mikoa ya Dodoma na Singida, wakurugenzi wa halmashauri zetu, na wataalamu wote mnaoandaa zabuni za kusafisha mashamba.

Yah: Udongo wa juu unaoondoka pamoja na vichaka

Waheshimiwa, poleni na majukumu ya ujenzi wa taifa.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, na sasa nalima alizeti na mtama wilayani Kongwa. Nawaandikia kuomba jambo moja. Kila mkataba wa kusafisha shamba uwe na kifungu kinachosema wazi kwamba udongo wa juu hautoki mahali pake, na malipo ya mkandarasi yategemee kifungu hicho. Katika maeneo ya vichaka, ambayo ndiyo mengi huku kwetu, njia bora ya kukitimiza ni kutumia mashine zinazosaga vichaka palepale vilipo na kuyaacha mabaki juu ya ardhi kama matandazo. Katapila linalosukuma kila kitu pembeni kwa kisu chake cha mbele halifai kwa kazi hiyo.

Sipingi mashamba makubwa. Programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, yaani BBT, ilipoanza na mashamba ya Chinangali na Ndogowe wilayani Chamwino, nilifurahi kama mzazi yeyote mwenye vijana wasio na ardhi. Vijana wapewe mashamba, tena mengi. Shida yangu ni hali ya ardhi tunayowakabidhi, na hapa sizungumzii shamba lolote kwa jina. Nazungumzia namna ya kufanya kazi ambayo imezoeleka mpaka hakuna anayeiuliza.

Nieleze nilichokiona katika shamba moja la pamoja. Kiangazi katapila liliingia kwenye pori la migunga, mikole na kikwata. Dereva alishusha kisu, akasukuma. Kichaka kiling'oka na mizizi yake, na mizizi ikabeba udongo. Kisu nacho kilikuwa kimezama kiasi cha upana wa kiganja, kwa sababu dereva akikiinua zaidi ya hapo vijiti vidogo vinabaki na mkaguzi analalamika. Kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na tuta refu la magogo, matawi na udongo mweusi. Matuta yalipokauka yakapigwa moto. Shamba likaonekana safi, tambarare, jekundu. Ekari zikahesabiwa, kazi ikapokelewa, mkandarasi akalipwa.

Mvua ikanyesha, alizeti ikapandwa. Mwezi Machi nilipita tena. Pale palipokuwa na matuta alizeti ilikuwa imenipita kimo, majani mapana, vichwa vizito, na maboga yameota yenyewe katikati yake. Hatua chache kutoka hapo, palipokwanguliwa, alizeti ileile, mbegu ileile, iliyopandwa siku ileile, ilikuwa haijafika gotini na majani ya chini yamegeuka njano. Nilichimba pande zote mbili. Kwenye tuta jembe lilizama mpaka mpini ukagusa udongo. Katikati ya shamba lilidunda, na nilipobandua kipande kilikuwa kigumu, hakina mzizi wala tundu la mchwa. Vijana waliokabidhiwa eneo lile waliniambia wameelezwa kwamba ardhi imechoka. Ardhi ambayo haijawahi kulimwa hata msimu mmoja imechokaje? Rutuba yake ilikuwa imesombwa ikarundikwa kwenye matuta, na sehemu ikaungua.

Hesabu yake si ngumu. Ukikwangua sentimita 5 kwenye ekari moja umeondoa karibu mita za ujazo 200 za udongo. Hayo ni matipa 20 ya mita za ujazo 10, na uzito wake unapita tani 250. Hakuna mfuko wa mbolea unaorudisha kitu hicho. Katika udongo wetu mwekundu wa nyika, sehemu kubwa ya mboji imo kwenye tabaka hilo jembamba la juu, na chini yake kuna udongo wenye mfinyanzi unaoshikana na kuwa mgumu ukikauka. Huko juu ndiko waliko viumbe wadogo wanaoozesha majani, ndiko maji ya mvua yanakopata njia ya kuingia, ndiko mche mchanga unakopata chakula cha wiki zake za kwanza.

Wala simlaumu mkandarasi. Yeye anafanya alichoandikiwa. Mchanganuo wa gharama unasema "kusafisha shamba, ekari kadhaa", bei kwa ekari, basi. Hakuna mstari unaouliza udongo wa juu umekwenda wapi. Mkaguzi anasimama kwenye gari, anatazama, haoni kisiki wala kijiti, anasaini. Kwa mkataba wa namna hiyo, anayekwangua zaidi ndiye anayeonekana amefanya kazi nzuri zaidi, na dereva mwangalifu anayeinua kisu ndiye anayerudishwa akamalizie. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi. Tangazo la zabuni mnaliandika ninyi.

Waheshimiwa, wilaya ninayoishi ilishalipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga hapa Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mpango wote ulikuwa ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga msimu wa kwanza hazikufika 10,000. Walileta makatapila yaliyobaki kwenye vita, wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, wakafunga minyororo ya meli kati ya matrekta mawili ili kuangusha pori. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe yao. Kiangazi udongo uligeuka mgumu kiasi cha kulika vyuma. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ikawa pauni milioni 36 hivi.

Najua sababu za kushindwa zilikuwa nyingi. Mvua haikupimwa sawasawa, haraka ilikuwa kubwa, na wenyeji waliokuwa wakilima mtama hapa kabla yao hawakuulizwa. Lakini kosa la kudhani kwamba kazi ya shamba jipya ni kuangusha pori tu, na kwamba ardhi iliyo chini yake itakuwa tayari yenyewe, ndilo naliona likirudi.

Na jirani zetu wa Kondoa wanakumbuka zaidi yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yamekula milima na mashamba, na mwaka 1979 ikabidi mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika zaidi. Familia zilihamisha ng'ombe wao ili udongo upone. Mkoa uliotoa gharama hiyo kuokoa udongo hauwezi leo kulipa mtu kwa ekari ili aukwangue.

Ushahidi wa kipimo upo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa udongo Rattan Lal, ambaye mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, alilinganisha njia za kusafisha msitu katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha IITA, Ibadan, Nigeria. Palipofyekwa kwa mkono na kupandwa bila kutifua, udongo uliosombwa na mvua haukufika tani moja kwa hekta. Palipong'olewa kwa mtambo na reki ya visiki, kisha pakatifuliwa, ulikaribia tani 20. Mvua ileile, mteremko wa aina moja, tofauti ilikuwa namna ya kusafisha na kulima.

Kufyeka ekari elfu kadhaa kwa panga haiwezekani, nalikubali hilo. Ndipo inapoingia mashine ya kusaga vichaka. Ina pipa zito la chuma lililopangwa meno magumu ya kabaidi, linalozunguka kwa kasi kubwa mbele ya mtambo wa minyororo au nyuma ya trekta lenye nguvu. Linakuta kichaka kimesimama, linakisaga kuanzia juu mpaka usawa wa ardhi, na vipande vinaanguka palepale. Hakuna tuta, hakuna moto, hakuna kisu kinachopita chini ya udongo. Mizizi inabaki ilipo, inashika udongo, na ikioza inaacha njia za maji. Mashine hii inafanya kazi kwa uhakika kwenye miti yenye unene wa mkono mpaka paja, na sehemu kubwa ya pori letu ni la namna hiyo hasa.

Kwa mkoa unaopata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, faida kubwa ya matandazo ni maji. Mvua zetu za Desemba huja kwa kishindo. Zikikuta ardhi tupu iliyokwanguliwa, matone yanapiga, udongo unaziba, maji yanakimbia kuelekea korongoni, na wiki mbili baadaye mahindi yananyauka ilhali mvua ilinyesha. Zikikuta tabaka la vipande vya miti na majani, tone linavunjika nguvu na maji yanazama. Kisha jua la Januari halilifikii tabaka la chini moja kwa moja. Mkulima yeyote aliyewahi kufunika bustani yake ya nyanya kwa nyasi analijua hili bila kusomeshwa na mtu.

Tangu miaka ya 1990, katika eneo la Bragantina, jimbo la Pará kaskazini mwa Brazili, shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa na watafiti kutoka Ujerumani walijaribu njia hii na wakulima wadogo waliozoea kufyeka na kuchoma. Walitengeneza kifaa cha kusaga vichaka cha kufungwa kwenye trekta. Walipopima, moto ulikuwa unapeleka hewani karibu naitrojeni yote, yaani chakula kikuu cha mimea, iliyokuwa kwenye majani na matawi. Kusaga kuliibakiza shambani. Bragantina wanapata mvua zaidi ya mara tatu ya yetu, kwa hiyo siombi tuige kila kitu. Huku kwetu mabaki yataoza taratibu zaidi, na mchwa watafanya kazi kubwa. Ila kanuni ni ileile.

Sitawauzia mashine hii kama dawa ya kila kitu. Nimefanya kazi ya ugani muda mrefu na najua teknolojia inayosifiwa kupita kiasi inavyoishia kutelekezwa kwenye uzio wa halmashauri.

Kwanza, haing'oi visiki. Kikwata na mikole vitachipua mvua ya kwanza, na anayetaka kupitisha plau la trekta msimu huohuo atavunja vifaa. Shamba lililosagwa linahitaji mashine za kupandia zinazopenya matandazo, au jembe la mkono na mashimo, kwa msimu mmoja au miwili, pamoja na kurudi kukata machipukizi. Pale ambapo lazima visiki vitoke, kwa mfano kwenye njia za mabomba ya umwagiliaji, ving'olewe kimoja kimoja kwa ekskaveta, udongo ukung'utwe, shimo lifukiwe. Ikibidi kabisa kusukuma, basi mtambo ufungwe reki yenye meno, udongo upite katikati na kubaki, usifungwe kisu bapa.

Pili, vipande vya miti vikichanganywa na udongo vinanyang'anya mazao naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinaihitaji, na mbao zenyewe hazina ya kutosha, kwa hiyo vinaichukua kwenye udongo. Mahindi ya msimu wa kwanza yataonyesha njano. Suluhisho ni kuacha vipande juu bila kuvifukia, kuanza na kunde, choroko au mbaazi, na kwa atakayepanda nafaka kuongeza mbolea ya kukuzia. Jambo hili liandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kijana asiligundue peke yake Februari, mkopo ukiwa mkononi na majani yakiwa njano.

Tatu, ni ghali na inakwenda polepole. Inakunywa dizeli nyingi, meno yanalika, na kwenye mawe yanalika mara mbili. Bei yake kwa ekari itaonekana kubwa kwenye karatasi ya zabuni. Ninachoomba ni kwamba mlinganishe gharama zote. Katapila linapita kuangusha, linapita kusukuma, watu wanachoma, linarudi kusambaza matuta, kisha mnanunua samadi na mbolea kwa miaka ili kurudisha kilichoondolewa. Wekeni yote hayo upande mmoja wa mizani kabla hamjasema mashine ya kusaga ni ghali.

Na usalama: pipa lile hurusha vipande vya miti na mawe mbali sana. Mtu, mtoto wa kuchunga mbuzi hasa, asikaribie ndani ya mita 100. Huku watoto hukimbilia mtambo wowote mpya, kwa hiyo walinzi wawekwe.

Kuna sehemu ambazo mashine hii haina mpinzani, na hapo nitakaa kidogo. Wilayani Manyoni yameanzishwa mashamba ya pamoja ya korosho. Mkorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miche 28 hivi kwa ekari. Kwa nini tung'oe pori lote kwa ajili ya miche 28? Ukisaga ukanda wa mita 3 kufuata mstari wa miche, umegusa robo tu ya ardhi. Kichaka kilichobaki katikati kinazuia upepo na kinahifadhi nyuki wanaochavusha maua, na kinasagwa kidogo kidogo kadiri mikorosho inavyotanua matawi. Mche unapata matandazo mazito miguuni katika miaka ile migumu ya mwanzo. Atakayetaka kupanda karanga au kunde katikati asafishe sehemu anayoweza kuilima mwaka huo, nyingine isubiri.

Tena vichaka vya Itigi, huko huko Manyoni, si vichaka vya kawaida. Aina ile ya pori zito, la kimo cha mita tatu hadi tano, lililoshonana kiasi kwamba mtu anapita kwa kutambaa, inapatikana katikati ya Tanzania na katika eneo dogo kati ya Ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika upande wa Zambia. Duniani kote hakuna kwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tusafishe kwa mtambo gani, kuna sehemu za kuuliza kama zisafishwe kabisa. Tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na sheria ya mwaka 2004 ifanyike kabla mitambo haijafika, na wanakijiji wasomewe matokeo yake kwa lugha wanayoielewa.

Kuhusu wanakijiji, nina ombi wasilopenda wakandarasi. Mashine ya kusaga hugeuza kuni kuwa vipande visivyopikika. Akina mama wanaofuata kuni mbali wakiona hivyo watakuwa na haki ya kukasirika. Kijiji kipewe muda, kwa utaratibu wa Wakala wa Huduma za Misitu, wa kutoa kuni, nguzo na mizinga ya nyuki kabla kazi haijaanza. Mibuyu, mikwaju na miti mikubwa ya kivuli ipakwe rangi na isiguswe. Kando ya vijito na kwenye mipaka ya vitalu pori libaki, na hapo visiki vinavyochipua vitunzwe kwa njia ya Kisiki Hai ambayo wakulima wengi wa Dodoma wameshajifunza: kuchagua machipukizi mazuri, kupogolea mengine, kuweka alama, kulinda. Tayari tuna watu wanaojua kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya mshauri mwelekezi kutoka mbali.

Sasa ninachoomba kiandikwe. Katika kila zabuni mpya ya kusafisha shamba, kabla ya mtambo kuingia, afisa kilimo na mwakilishi wa kijiji wapigilie vigingi vya chuma katika sehemu kadhaa za kila kitalu na kuweka alama usawa wa ardhi. Kazi ikiisha, wapime tena. Palipoonekana kigingi kimetokeza, mkandarasi arudishe udongo kutoka kwenye matuta kwa gharama yake, au asilipwe ekari hizo. Kipimo hicho kinahitaji nyundo, rangi na rula, na hakuna atakayeweza kubishana nacho. Kuchoma matuta kukatazwe ndani ya mkataba. Na ratiba ipangwe ili eneo lisilopandwa msimu huo lisiachwe tupu Desemba.

Pia naomba jaribio. Tuna vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Hombolo na TARI Makutupora, humu humu mkoani. Wapewe ekari 20 kwenye shamba lolote linalosubiri kusafishwa: 10 zisafishwe kwa katapila kama mlivyozoea, 10 zisagwe na kuachiwa matandazo. Mbegu moja, tarehe moja ya kupanda, misimu mitatu. Dizeli ipimwe, mavuno yapimwe, maji yanayozama yapimwe, na matokeo yatangazwe hata yakinionyesha kwamba nimekosea kwa sehemu. Mpaka hapo, kifungu cha vigingi kinaweza kuanza kiangazi hiki bila kununua mashine hata moja.

Mimi niko tayari kuja kupigilia vigingi vya kwanza, kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bwana shamba mstaafu na mkulima,
Kongwa, Dodoma